Kenya yaongoza kwa kuuza chai nyeusi, lakini bei hupangwa na wengine

MNAMO Juni 2022 Waziri wa Mipango wa Pakistan, Bw Ahsan Iqbal, aliwasihi wananchi wenzake wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku. Hazina ya nchi hiyo ilikuwa imepungukiwa na dola, na karibu chai yote inayonywewa huko hununuliwa kutoka nje. Wapakistani wengi walilifanyia ombi hilo mzaha. Kwa mkulima wa Bomet, Nyamira au Murang'a halikuwa jambo la mzaha hata kidogo, kwa sababu Pakistan ndiyo mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya, na kikombe kinachoachwa Karachi huonekana baadaye katika malipo ya mkulima huyo.

Kisa hicho chaeleza kwa ufupi hali ya nchi nyingi zinazostawi ambazo hutegemea mazao ya shambani kujipatia fedha za kigeni. Kenya si mchuuzi mdogo katika biashara hii. Ni China na India pekee zinazoishinda kwa wingi wa chai inayozalishwa, na kwa kuwa mataifa hayo mawili hunywa sehemu kubwa ya chai yao wenyewe, Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi katika nchi za nje. Mwaka 2024 viwanda vyake vilitoa karibu kilo milioni 600, kiasi ambacho hakikuwa kimefikiwa awali. Mwaka uliotangulia, mauzo ya nje yaliiletea nchi yapata Sh180 bilioni. Zaidi ya wakulima wadogo 600,000 hulitegemea zao hili, mbali na vibarua wa mashamba makubwa, madereva, na wafanyakazi wa viwandani na bandarini.

Mfanyabiashara mwenye mali nyingi kiasi hicho angetarajiwa kuwa na kauli sokoni. Kenya haina, na kila ilipojaribu kuitafuta imejikuta ikirudi nyuma.

Jani lisilosubiri

Chanzo kimoja cha udhaifu huo ni jani lenyewe. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na kuanzia hapo jani halisubiri. Lisipofika kiwandani siku hiyo hiyo, thamani yake hupotea. Mkulima wa mahindi aweza kufunga ghala lake akangojea bei ipande. Wa chai hana nafasi hiyo. Isitoshe, mchai huishi kwa miongo mingi na huchumwa mwaka mzima, kwa hivyo mwenye shamba hawezi kung'oa msimu huu na kupanda tena msimu ujao kwa kufuata bei.

Kilo nne na ushei za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Viwanda vingi vya Kenya hutumia mtindo wa kusaga, kurarua na kuviringisha majani kwa mashine, maarufu kama CTC. Chai inayotokana na mtindo huo huwa ya chembe ndogo nyeusi, huiva upesi na kutoa rangi kali. Inafaa sana kwa vifuko vya chai na kwa chai ya maziwa. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa kuchanganywa na chai za kwingine, na humo ndani ya mchanganyiko jina la Kenya hupotea.

Kutoka kiwandani chai husafirishwa ikiwa kwenye magunia ya karatasi hadi maghala ya Mombasa. Mnada ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu 1992 bei zake hutajwa kwa dola za Marekani. Madalali huionja chai, huiorodhesha kwa jina la kiwanda na daraja lake, kisha hupeleka sampuli kwa wanunuzi. Zamani zabuni zilitolewa kwa kupaza sauti ukumbini. Tangu janga la korona mwaka 2020 zimehamia kwenye kompyuta. Mnada huo huuza pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na Congo, jambo ambalo ni muhimu kukumbukwa tutakapofika kwenye mkasa wa bei ya chini.

Mkulima mdogo anayehudumiwa na Halmashauri ya Ustawi wa Majani Chai, KTDA, hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo alizowasilisha, kisha baada ya hesabu za mwaka kufungwa hupata malipo ya pili, yaani bonasi. Karo za shule, madeni ya dukani na mabati ya nyumba huisubiri bonasi. Maana yake ni kwamba mkulima hutoa jani leo bila kujua limemletea shilingi ngapi, na akijua, miezi mingi imekwisha kupita.

Walionyimwa kupanda

Mche wa kwanza wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba ya kibiashara yalishika kasi katika miaka ya 1920, kampuni kubwa za Uingereza zilipofika Kericho. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda. Ilibidi ingojewe miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, ndipo wakulima wa Nyeri, Kirinyaga, Kericho, Kisii na kwingineko wakaanza kupewa miche. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilijengwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. KTDA iliundwa mwaka 1964, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao.

Wakati wa uhuru nchi nzima ilitoa yapata kilo milioni 18. Ukilinganisha na kilo karibu milioni 600 za mwaka 2024, ni vigumu kutaja mradi mwingine wa kilimo cha wakulima wadogo barani Afrika uliofaulu kupanua zao kwa kiwango hicho. Ndiyo sababu habari za chai ya Kenya zina utata: kufaulu huko ni sehemu ya tatizo.

Wakoloni walilijua jambo hilo mapema. Bei ya chai ilipoporomoka wakati wa msukosuko wa uchumi duniani, wazalishaji wa India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi vya Indonesia walitia sahihi mkataba mwaka 1933 wa kupunguza mauzo na kuzuia mashamba mapya. Serikali za Afrika Mashariki nazo zikakubali kuzuia upanuzi. Mpango huo uliwezekana kwa sababu chai karibu yote ya biashara ya dunia ilikuwa chini ya dola mbili za kikoloni na makampuni yaliyojuana.

Baada ya uhuru hapakuwa tena na mkono mmoja wa kushika hatamu. Mwaka 1969 nchi zinazozalisha chai zilikutana Mauritius na kuafikiana juu ya viwango vya mauzo, lakini maafikiano ya kudumu hayakupatikana. India na Sri Lanka, zilizokuwa na mashamba ya zamani, zilitaka kila nchi ibakie na sehemu yake. Kenya, iliyokuwa ndiyo kwanza inawagawia wananchi wake miche waliyonyimwa miaka hamsini, isingeweza kukubali kufungwa mikono. Yeyote aliyekuwa mahali pake angekataa. Hata hivyo, kila ekari mpya iliyopandwa, Kenya na kwingineko, iliongeza chai katika soko ambalo wanywaji wake hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwa nini bei haipandi

Mwaka 1950 wataalamu wawili wa uchumi, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer aliyekuwa Umoja wa Mataifa, walieleza, kila mmoja kivyake, kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Prebisch ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilipoanzishwa mwaka 1964. Wapo waliowapinga kwa takwimu za mazao mengine na vipindi vingine, lakini mtu akitaka kuielewa hoja yao hana haja ya kwenda mbali na sufuria ya chai.

Bei ya chai ikishuka, mtu hanywi vikombe vinane badala ya vinne. Kipato chake kikipanda maradufu, hanunui chai maradufu; hununua simu, pikipiki au gari. Kwa hivyo wazalishaji wakiongeza mavuno kwa pamoja, ziada hiyo hushusha bei bila kuongeza wanywaji. Bei hupanda pale tu wengine wanapopatwa na balaa. India ilipopiga marufuku uuzaji nje wa chai yake ya CTC mwishoni mwa 1983, bei ya dunia iliruka na Kenya ikavuna. Ukame wa 2009 ulipopunguza mazao, waliobahatika kuwa na majani walilipwa vizuri.

Kwa muda mrefu kilo moja ya chai Mombasa imekuwa ikichezea kati ya dola 2 na 3. Dola 2 za mwaka 1984 zilikuwa na uwezo wa kununua vitu ambavyo mwaka 2024 vingegharimu yapata dola 6 Marekani. Mbolea, mafuta ya lori na vipuri vya mashine havikubaki katika bei za 1984.

Wakulima wa kahawa wanaijua hadithi hii kwa uchungu zaidi. Mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na sehemu nyingi za Mlima Kenya kahawa ikaachwa kumea magugu. Chai haikuwahi kuwa na mfumo imara kama huo, hivyo haikuanguka kwa kishindo. Imekuwa ikipungua thamani polepole, na lenye kupungua polepole halifanyiwi maandamano kila siku.

Jaribio la 2021

Mnamo Julai 2021 uamuzi ulifikiwa kwamba chai ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA isiuzwe mnadani chini ya dola 2.43 kwa kilo. Sheria mpya ya majani chai ilikuwa imepitishwa mwishoni mwa 2020 na kuirejesha Bodi ya Chai, na wakulima walikuwa wamechoshwa na bonasi duni. Mwanzoni bei ilipanda, na waliounga mkono hatua hiyo wakashangilia.

Kasoro yake ilikuwa kwamba ilifunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi. Chai ya viwanda vya kibinafsi haikuwa na bei ya chini. Ya Uganda haikuwa nayo, na iliuzwa katika mnada ule ule. Mnunuzi aliyetaka chai ya kawaida ya kuchanganya aliichukua huko. Chai ya KTDA yenye ubora wa juu, hasa ya kaunti za mashariki mwa Bonde la Ufa, iliendelea kununuliwa kwa kuwa hata awali ilikuwa ikipita kiwango hicho. Iliyobaki ilirudishwa ghalani wiki baada ya wiki, hasa ile ya kaunti za magharibi mwa Bonde la Ufa ambayo kwa kawaida hupata bei ya chini. Mamilioni ya kilo yalirundikana Mombasa. Chai si divai. Ikikaa hupoteza ladha na uchangamfu, huku gharama za ghala zikihesabika. Mwaka 2024 bei hiyo ya chini iliondolewa, na mlundiko ukaanza kuuzwa kwa bei iliyopatikana.

Kuna waliosema jaribio hilo lilikuwa upumbavu. Mwandishi huyu haoni hivyo. Lilikuwa jaribio la haki lililofanywa na upande ambao haukuwa na uwezo wa kulitekeleza, kwani bei ya chini husimama ikiwa wauzaji wote wameshikamana au ikiwa kuna fedha za kununua ziada. Wazalishaji walikwisha kuunda jukwaa lao la kimataifa huko Colombo mwaka 2013, lakini jukwaa hilo halina mamlaka ya kumzuia mwanachama kuuza.

Wateja wachache, na mchele wa Mwea

Udhaifu mwingine ni idadi ya wateja. Pakistan, Misri, Uingereza na nchi chache za Mashariki ya Kati na majirani zake ndizo hununua sehemu kubwa. Nyingi kati yake ni nchi zenye misukosuko. Vita vilizuka Sudan Aprili 2023, na Machi 2025 serikali ya nchi hiyo ikasitisha uagizaji wa bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, kwa kulalamikia mkutano wa mahasimu wake uliofanyika Nairobi. Tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mkulima hana kosa katika lolote kati ya hayo.

Kumtegemea mteja mmoja kuna gharama isiyoonekana katika orodha ya mnada. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 75 kwa mchele unaotoka nje ya kanda. Kenya, hata hivyo, imekuwa ikiomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 35 tu. Sababu mojawapo ni kwamba Pakistan huiuzia Kenya mchele kwa wingi, na Nairobi huchelea kwamba ikiuongezea ushuru mchele huo, Islamabad itailipizia kisasi chai. Ni kweli pia kwamba mchele wa nje humpunguzia mlaji wa mjini gharama. Lakini mkulima wa mpunga wa Mwea, anayeshindana na mchele huo, kwa kiasi fulani anamlipia mwenzake wa Kericho gharama ya soko la chai, wala hakuna aliyemwomba ruhusa.

Ubishi mwingi kuhusu biashara ya kilimo duniani umekuwa juu ya ruzuku. Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, uliofanyika Nairobi Desemba 2015, wa kwanza wa aina hiyo barani Afrika, uliafikiana kukomesha ruzuku za kuuza mazao ya kilimo nje. Ulikuwa ushindi kwa wakulima wa nchi maskini wanaoshindana na wenzao wa Ulaya na Marekani. Kwa chai haukubadilisha chochote. Ulaya haina mashamba makubwa ya chai ya kupewa ruzuku.

Wala ushuru si kikwazo kikuu katika masoko ya Magharibi. Kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, ilhali iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5 ikiwa inatoka nchi isiyo na mkataba wa upendeleo. Chai nyeusi haitozwi, iwe kwenye gunia au kwenye pakiti, na Marekani vilevile. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kutekelezwa Julai 2024 unasaidia zaidi maua, mboga na matunda. Penye ukuta halisi ni India, ambako ushuru wa kawaida wa chai ya kigeni ni asilimia 100, yaani nchi moja inayostawi ikijikinga dhidi ya nyingine.

Thamani hubaki kwa mpakiaji

Kifuko cha kawaida cha chai hubeba takriban gramu 2. Kilo moja basi hutoa vifuko 500. Aliyeinunua kilo hiyo Mombasa kwa dola 2 na senti kadhaa ametumia chini ya nusu senti ya Marekani kwa kila kifuko. Yanayofuata, yaani kuchanganya, karatasi, sanduku, matangazo, nafasi kwenye rafu ya duka na faida, ndiyo hufanya bei anayolipa mnywaji, na karibu yote hufanyika nje ya Kenya. Zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya huondoka ikiwa katika magunia.

Tazama Dubai. Falme za Kiarabu hazina mashamba ya chai, lakini kituo cha biashara ya chai kilichofunguliwa Jebel Ali mwaka 2005 huhifadhi, kuchanganya na kupakia chai kutoka nchi nyingi na kuiuza tena. Kinachoiwezesha ni uhuru wa kuingiza chai ya kila aina bila ushuru, bandari yenye meli za kwenda kila upande, na mitaji ya bei nafuu. Mpakiaji wa Mombasa anayetaka kuchanganya chai ya Kenya na ya Sri Lanka au China hukabiliwa na ushuru uliowekwa kumlinda mkulima, na hulipia mkopo wa benki riba ambayo mshindani wake wa Dubai hangeikubali.

Sri Lanka ilichukua njia nyingine. Nembo yake ya simba hairuhusiwi ila kwa chai ya nchi hiyo tupu iliyopakiwa huko huko. Marehemu Merrill J. Fernando, aliyeanzisha chai ya Dilmah, alianza katika miaka ya 1980 kuuza pakiti zenye chapa yake mwenyewe huko Australia badala ya kuwauzia wachanganyaji. Faida hiyo haikuja upesi wala bila gharama: mwenye kupakia huanza kushindana na kampuni zile zile zinazomnunulia chai ya magunia, nazo zaweza kupunguza zabuni zao. Hofu hiyo ipo Kenya pia, ingawa husemwa kwa sauti ya chini.

Yapo yanayojaribiwa. Kituo cha utafiti wa chai kilitoa mwaka 2011 aina ya chai yenye majani ya zambarau, na wakulima wakahimizwa kuipanda. Wengi walilalamika baadaye kwamba wanunuzi hawakuwepo. Baadhi ya viwanda vimeweka mitambo ya kutengeneza chai ya mviringo wa majani marefu, isiyo ya CTC, inayopendwa na wanunuzi wa Ulaya, Iran na Urusi. Chai ya Rwanda, inayopitia mnada ule ule wa Mombasa, mara nyingi hupata bei ya juu kuliko wastani kwa sababu ya uchumaji makini, ishara kwamba ubora wa jani bado una malipo yake hata pasipo pakiti. Viwanda vya Kenya vinavyokataa majani makuukuu hulijua hilo. Vinavyopokea kila kitu ili mashine zisilale navyo hulijua.

Tena kuna thamani ya shilingi, ambayo mkulima huisikia bila kuelezwa. Mapema mwaka 2024 dola moja ilipita Sh160. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu Sh129. Kilo ya dola 2.20 iliyoleta Sh352 mwanzoni ilileta Sh284 baadaye, bila mnunuzi kubadilisha zabuni yake kwa senti hata moja. Shilingi imara ilipunguza bei ya petroli na mzigo wa deni la taifa, na wakazi wa Nairobi wakashukuru. Mwaka 2025 bonasi zilipotangazwa zikiwa chini, hasa katika kaunti za magharibi mwa Bonde la Ufa, wakulima walidai kuelezwa pesa zao zilikwenda wapi. Sehemu ya jibu ilikuwa katika tofauti hiyo ya Sh68.